Darajani: Barabara Moja, Sheria Mbili

Barabara ya Darajani mjini Zanzibar, ambayo kwenye hati za serikali inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa, inapita mahali palipokuwa na mkono wa bahari. Maji hayo, yaliyokuwa yakiingia kutoka Funguni na kuutenga mji wa mawe, yaani Mji Mkongwe, na makazi ya ng'ambo yake, yaani Ng'ambo, yalijazwa kifusi hatua kwa hatua katika karne ya 20 hadi pakawa nchi kavu. Bahari iliondoka, mpaka ukabaki. Kwa miaka mingi mtu mwenye nyumba upande wa magharibi wa barabara, aliyetaka kubadilisha dirisha tu, alitakiwa kupeleka ramani yake kwa mamlaka ya uhifadhi na kueleza mbao atakazotumia. Aliyejenga upande wa mashariki alikwenda kwenye ofisi nyingine, akaulizwa maswali mengine, na uso wa jengo lake haukumshughulisha mtu kwa kiasi hicho. Ni rahisi kusema kwamba tofauti hiyo inatokana na umri wa majengo: huku kuna ya kale na kule kuna ya jana. Lakini historia ya barabara hii inasimulia jambo zaidi ya hilo. Inaonyesha kwamba kazi ya kupitia ramani za majengo, tangu ilipoanza kufanywa kwa karatasi na muhuri, imekuwa na macho makali kwa mjenzi mdogo na macho yaliyofumbwa kwa mjenzi mkubwa, na kwamba mjenzi mkubwa kuliko wote amekuwa ni serikali yenyewe. Tukitaka kujua kwa nini barabara kuu za Zanzibar zina sura zilizo nazo leo, hapo ndipo pa kuanzia.

Kabla ya karatasi, mji ulikuwa na utaratibu wake. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na vifaa hivyo vyenyewe viliweka mipaka ambayo hakuna fundi aliyeweza kuivuka. Boriti ya mkoko haizidi urefu fulani, kwa hiyo upana wa chumba ulijulikana kabla msingi haujachimbwa. Ukuta wa matumbawe hauwezi kubeba ghorofa nyingi bila kunenepa, kwa hiyo kimo cha nyumba nacho kilijulikana. Juu ya mipaka ya vifaa kulikuwa na haki ya jirani. Kanuni ya sheria ya Kiislamu ya kutodhuru na kutodhuriana ilimhusu mjenzi moja kwa moja: asifungue dirisha linalochungulia ua wa mwenzake, asimwage maji ya paa lake juu ya ukuta wa mwingine, asiibane njia hata mchukuzi na mzigo wake wakashindwa kupita. Aliyevunja hayo angeweza kufikishwa kwa kadhi, lakini mara nyingi mambo yangemalizwa mtaani, mbele ya wazee, kwenye baraza lile lile la mawe lililojengwa mbele ya nyumba kwa ajili ya mazungumzo. Ndiyo maana mji uliojengwa na watu wa asili mbalimbali, Waswahili, Waarabu wa Omani, Wahindi wa Kachi na Gujarati, Wangazija, ukatoka na sura inayoelewana. Mlango wa Mhindi una upinde juu na mlango wa Mwarabu umenyooka, roshani za mbao zimetokeza hapa na pale, lakini vimo, vivuli na upana wa njia vinaitikiana. Utaratibu huo ulikuwa ukaguzi wa usanifu kwa maana kamili, ingawa haukuwa na kamati wala faili.

Tusiupambe utaratibu huo kupita kiasi, kwa sababu nao ulikuwa na kikomo, na kikomo chake kilikuwa kile kile tutakachokikuta baadaye. Haukumfikia mtawala. Seyyid Barghash, sultani aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883 hakufuata kimo cha majirani wala kifaa cha kawaida. Aliagiza nguzo za chuma, akaizungushia nyumba kumbi za wazi kila ghorofa, akaliinua jengo juu ya kila kitu kilichokuwa pwani ili kila chombo kinachoingia bandarini kilione kwanza. Uso wa mji kwa upande wa bahari ulikuwa uwanja wa kuonyesha enzi. Waingereza walilifahamu hilo vizuri. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya meli zao iliupiga upande huo huo wa mji, ikaliharibu kabisa jumba la Beit al-Hukm lililokuwa jirani, na ukarabati uliofuata ukaipa Beit al-Ajaib mnara wa saa mbele yake. Ndani ya muda mfupi uso wa pwani ulikuwa umebadilishwa na sultani mmoja na manowari za taifa moja, bila baraza lolote la mtaa kuulizwa.

Serikali ya ulinzi ya Waingereza iliyoanza mwaka 1890 ndiyo iliyoleta kibali cha ujenzi kama tunavyokijua. Hoja zake za kwanza zilikuwa afya na moto: hewa ipite, maji machafu yatoke, makuti yasishikane. Kadiri miaka ilivyokwenda, hoja ya sura ya mji nayo iliingia, na ilikuwa na mtu wake. John Sinclair, ofisa wa utawala aliyekuwa pia msanifu majengo, alibuni majengo ya umma kwa mtindo uliochanganya kuba, matao na nakshi za Kiarabu na mpangilio wa ofisi za Kizungu. Mahakama Kuu ya Vuga ya mwaka 1908 ni kazi yake, na vilevile jumba la makumbusho la Beit el-Amani, lililofunguliwa mwaka 1925 mwisho wa kusini wa barabara yetu, karibu na Mnazi Mmoja. Kwa mtindo huo serikali ya kigeni ilijivika vazi lililofanana na la wenyeji ili ionekane kana kwamba ilikuwapo siku zote. Jambo la kuangalia hapa ni nani aliyekuwa akikagua. Ofisi zilizompa raia kibali cha kuongeza chumba zilikuwa za serikali iliyojipangia yenyewe mahali pa kuweka mahakama, soko, makumbusho na viwanja vya wazi. Mnazi Mmoja paliachwa wazi ili pawe nafasi kati ya mji wa mawe na Ng'ambo, na uamuzi huo uliathiri sura ya mji kuliko vibali elfu vya madirisha.

Upande wa mashariki wa barabara, kipimo kilikuwa tofauti kabisa. Nyumba ya udongo na makuti haikuhesabiwa kuwa jengo lenye usanifu wa kukaguliwa. Ilihesabiwa kuwa kibanda, kitu cha muda, hata kama familia ilikaa humo vizazi vitatu. Hali kama hiyo ilikuwapo pia ng'ambo ya mlango wa bahari. Dar es Salaam, kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 iliugawa mji kwa kufuata aina ya jengo lililoruhusiwa, na Waingereza baada yao wakauendeleza mgawanyo wa kanda tatu. Kanuni zilitaja vifaa vya ujenzi, hazikuhitaji kutaja rangi ya mtu, na matokeo yakawa mji uliogawanyika kwa rangi. Zanzibar mgawanyo ulitumia mkono wa bahari uliokuwapo tayari, lakini mantiki ilikuwa hiyo hiyo: ukitaka kujua nani ana haki ya kuwa na uso mbele ya barabara kuu, tazama ukuta wake ni wa nini. Na wakazi wa Ng'ambo hawakuwa na usalama wa hata hicho kibanda, kwa sababu wengi walijenga juu ya ardhi ya mtu mwingine na kulipa kodi ya kiwanja. Mgomo wa kodi hizo mwishoni mwa miaka ya 1920 ulikuwa mgomo wa watu ambao sheria iliwaona kama wapangaji wa ardhi kabla ya kuwaona kama wajenzi wa mji.

Waingereza hawakukosa mipango. H. V. Lanchester alichapisha mpango wake wa mji mwaka 1923, akiwa na mapendekezo ya barabara, bandari na makazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Eric Dutton alisukuma ujenzi mpya wa Ng'ambo, na kituo cha jamii cha Raha Leo ni alama iliyobaki ya juhudi hizo. Sheria ya mipango ya mji na vijiji ilitungwa mwaka 1955, na mpango wa Henry Kendall ukafuata mwaka 1958. Sehemu kubwa ya mipango hiyo ilibaki kwenye makabati, na sababu haikuwa fedha peke yake. Kila mpango ulichorwa na mgeni, ukapitishwa na watawala, kisha ukapelekwa kwa wakazi ukiwa umekamilika, na wenye ardhi waliokuwa na sauti serikalini walijua namna ya kuuchelewesha. Kwa hiyo udhibiti halisi ukarudi kwenye vitu vidogo, yaani ombi la mtu mmoja, kiwanja kimoja, ukuta mmoja. Hapo ndipo serikali ilipokuwa na nguvu, na hapo ndipo ofisi za ujenzi zilipojijengea mazoea ambayo yalidumu kuliko bendera iliyokuwa ikipepea juu yake.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliupindua mpangilio wa watu, lakini hayakuyagusa mazoea hayo. Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliamua kwamba Ng'ambo, iliyodharauliwa kwa miaka mingi, sasa ndiyo iwe uso wa Zanzibar. Wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walisaidia kujenga nyumba Kikwajuni, na mwaka 1968 Hubert Scholz akatoa mpango mpya wa mji. Matokeo yake makubwa ni majumba ya maendeleo ya Michenzani: magorofa marefu yaliyopangwa kufuata barabara mbili pana zinazokatana, mstari mmoja ukitokea upande wa Darajani kuelekea mashariki na mwingine ukiukata katikati. Nyumba za udongo zilizokuwa njiani zilibomolewa. Kama kulikuwa na barabara Afrika Mashariki iliyojengwa ili itazamwe, ni hiyo. Na kwa habari ya ukaguzi, mwenye kuomba, mwenye kuchora, mwenye kuidhinisha na mwenye kujenga alikuwa mmoja. Hapakuwa na mahali ambapo mkazi angeweza kusema kwamba ua wa nyumba ya Kiswahili una kazi ambayo ngazi ya ghorofa ya tano haiifanyi, au kwamba mama anayeuza maandazi barazani anapoteza duka lake anapopandishwa juu. Kilichojengwa hatimaye kilikuwa sehemu ndogo ya kilichokusudiwa, na kwa hiyo nyuma ya kuta za magorofa Ng'ambo ya zamani iliendelea kuishi, ikijibadilisha kutoka makuti hadi bati na kutoka udongo hadi tofali, bila mchoraji wala mkaguzi.

Wakati Michenzani inapanda, Mji Mkongwe ulikuwa ukiporomoka. Nyumba nyingi za waliokimbia Mapinduzi zilitaifishwa na kugawiwa watu wa kipato kidogo, chumba kwa chumba, kwa kodi ambayo haikutosha kununua hata chokaa. Paa likivuja katika nyumba ya matumbawe, maji huingia kwenye boriti, boriti huoza, na ghorofa zote hushuka pamoja. Utafiti uliofanywa kwa msaada wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa mwaka 1983 ulitoa hadhari kwamba mji utatoweka usipookolewa. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, ikapewa sheria yake mwaka 1994, na mpango wa uhifadhi uliotayarishwa pamoja na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ukachapishwa mwaka 1996. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia, eneo la hekta 96, na upande wa mashariki wa barabara ukawekewa ukanda wa kinga. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na chombo chenye kazi moja inayojulikana, yaani kuhakikisha kwamba kinachojengwa au kurekebishwa hakiivunji sura ya mji.

Utendaji wa chombo hicho unastahili kuelezwa kwa haki, kwa sababu wanaoukosoa mara nyingi hawaujui. Mwenye nyumba hupeleka ramani na maelezo ya vifaa. Wataalamu huangalia jengo lina hadhi gani katika mpango, kwa kuwa yapo majengo yaliyolindwa ndani na nje na yapo ambayo kinacholindwa hasa ni uso wake wa njiani. Huangalia kimo ukilinganisha na majirani, mpangilio wa milango na madirisha, mbao badala ya aluminiamu, chokaa badala ya saruji. Suala la chokaa ni la kitaalamu kabla ya kuwa la mapenzi: ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, na ukipakwa saruji unyevu hukosa pa kutokea, ukaanza kuumega ukuta kutoka ndani. Mkaguzi hupita mitaani kutazama kama kinachojengwa ndicho kilichoidhinishwa, na kazi iliyokiuka inaweza kusimamishwa. Utaratibu huu umeokoa mengi. Bila huo, miaka ya 1990, wakati biashara huria na utalii vilipoufungulia mji fedha ambazo haukuwa umeziona kwa kizazi kizima, kila mnunuzi angepandisha ghorofa mbili juu ya paa la jirani na roshani zingebaki kwenye picha. Anayesema kwamba ukaguzi wa usanifu ni urembo wa watu wenye nafasi, atazame mitaa mikuu ya kale ya Dar es Salaam na kuhesabu kilichosalia.

Lakini tazama pia mahali ulipokwama. Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19 pale Shangani, lililowahi kutumiwa na wamisionari na kisha na ubalozi mdogo wa Uingereza, lilikuwa mali ya serikali. Lilipotolewa kwa mwekezaji ili liwe sehemu ya hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015, jengo jipya likainuka kando yake, mbele ya bahari. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza masikitiko yake kuhusu ukubwa wa jengo hilo na namna lilivyobadilisha sura ya ufukwe, na hadhi ya mji mzima ikawa mjadala wa kimataifa. Haiyumkiniki kwamba ofisi yenye uwezo wa kuiona fremu moja ya aluminiamu huko Kiponda ilishindwa kuliona jengo la hoteli Shangani. Ililiona, kama kila mpita njia alivyoliona. Tatizo lilikuwa kwamba maamuzi ya msingi kuhusu kiwanja, mwekezaji na ukubwa wa mradi ni ya ngazi ya juu kuliko meza ya mkaguzi. Ramani ilipofika mezani, kilichobaki kujadiliwa kilikuwa rangi na nakshi. Hivyo ndivyo miradi mikubwa ya barabara kuu na pwani inavyopita katika miji mingi, na ndiyo maana nasema kasoro hii haitibiwi kwa kuongeza wakaguzi. Meza yenyewe imewekwa mahali pasipofaa.

Wapo watakaopinga kwamba hata huo ukaguzi mdogo ni mzigo usiobebeka. Dirisha la mbao ngumu linagharimu zaidi ya la aluminiamu, chokaa inahitaji kuiva na fundi anayeijua, na mpangaji wa chumba kimoja mtaani Malindi hana uwezo wa vyote viwili. Hoja hii ni ya kweli na haifai kujibiwa kwa maneno ya mapenzi ya urithi. Lakini tuifuate hadi mwisho wake. Ikiwa sura ya mtaa ni mali ya wote, na serikali inapata kodi ya watalii wanaokuja kuitazama, basi gharama yake haiwezi kuwa ya mwenye nyumba peke yake. Sheria inayomtaka mtu alinde faida ya umma bila umma kumchangia inamfundisha kujenga usiku. Na ndivyo inavyotokea: ukuta unapakwa saruji siku ya mapumziko, mkaguzi anafika Jumatatu kazi imekwisha. Dawa yake ni mfuko wa ukarabati, chokaa inayopatikana kwa bei nafuu na mafundi waliofunzwa, mambo ambayo yaliwahi kufanywa kwa mafanikio katika miradi ya miaka ya 1990 na hayajawa haki ya kila mwenye nyumba. Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati inaendelea, na kupotea kwa maisha ya watu wawili, kulithibitisha kwamba hata jengo mashuhuri kuliko yote halisimami kwa sheria tupu. Jengo linasimama kwa matengenezo ya kila mwaka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Inasemwa kwamba uhifadhi umeyalinda mawe na kuwaachia watu waondoke: uso wa nyumba umebaki kama ulivyokuwa, lakini ndani familia tano zimeondoka na pamekuwa nyumba ya wageni. Hili nalo ni kweli kwa sehemu, na linatokana moja kwa moja na namna ukaguzi ulivyozaliwa. Utaratibu wa zamani wa haki ya jirani uliangalia matumizi kwanza na sura baadaye. Dirisha lilikataliwa kwa sababu ya anayeishi upande wa pili wa ukuta. Utaratibu wa kibali uliorithiwa kutoka serikali ya ulinzi unaangalia ukuta wenyewe, na anayeishi nyuma yake si sehemu ya swali. Kwa hiyo duka la nguo za wenyeji linapokuwa duka la vinyago, na mlango haukubadilika, ofisi haina la kusema. Kulijibu pingamizi hili hakuhitaji kuufuta ukaguzi. Kunahitaji kuurudishia swali lililopotea: jengo hili likibadilika, nani jirani atakayepoteza jua, njia, maji, biashara au makazi?

Wengine watasema kwamba serikali haiwezi kuomba ruhusa kama mtu binafsi, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayoangalia maslahi ya wote. Watataja Michenzani, na wana haki ya kuitaja. Magorofa yale yaliwapa watu waliokuwa wapangaji wa viwanja nyumba zisizo na mwenye ardhi wa kuwafukuza, na kwa mkazi wa Ng'ambo wa mwaka 1970 hilo halikuwa jambo dogo. Nia ilikuwa ya haki. Lakini nia ya haki haikulizuia kosa la ubunifu ambalo wakazi wangeliona mapema kama wangeulizwa, na miongo mitano baadaye mji bado unatafuta namna ya kuyatunza majumba yasiyo na nyua wala vibaraza. Ushahidi kwamba kuuliza kunawezekana upo hapo hapo. Katika muongo uliopita Idara ya Mipango Miji na Vijiji iliandaa mpango wa eneo la Ng'ambo kwa jina la Ng'ambo Tuitakayo, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uholanzi, na wakazi wakashirikishwa kuonyesha mahali wanapopathamini: viwanja vya mpira, sinema za zamani, mabaraza ya kahawa, miti ya kivuli, vilabu vya taarabu. Kwa mara ya kwanza upande wa mashariki wa barabara uliandikwa kuwa na urithi, tena bila kusubiri ujengwe kwa mawe. Tangu hapo Michenzani imepata jengo kubwa la maduka na Darajani imeendelea kujengwa upya, na swali la haki kuuliza kuhusu kila mradi wa namna hiyo ni kama orodha ya wakazi ilitangulia mchoro au ilifuata.

Kuna wanaohofia kwamba kushirikisha watu ni kuchelewesha, na kwamba uzuri ni suala la ladha, hivyo hakuna kamati itakayokubaliana. Ladha kweli haijadiliki, lakini mengi yanayoamua kama barabara inafaa hayahusu ladha. Kimo cha jengo ukilinganisha na upana wa barabara kinapimika. Kivuli kwa mpita njia saa nane mchana kinapimika. Idadi ya milango inayofunguka barabarani, badala ya ukuta mrefu usio na duka wala baraza, inahesabika. Mji wa kale ulifuata vipimo hivyo bila kuviandika, na mjenzi anayevijua kabla hajachora anapoteza muda mfupi kuliko anayesubiri kujua afisa fulani anapenda nini. Ucheleweshaji mkubwa unatokana na utaratibu usiotabirika, na utaratibu hautabiriki pale mkubwa anapopita mlango wa nyuma na mdogo anapanga foleni.

Kwa hiyo mageuzi yanayohitajika ni machache na yanajulikana. Ramani ya kila jengo litakalotazama barabara kuu ibandikwe hadharani kwa sheha na kwenye kiwanja chenyewe kabla kiwanja hakijakabidhiwa kwa mwekezaji yeyote, ili mjadala uwe kuhusu ukubwa na matumizi na usisubiri kufika kwenye rangi. Tathmini ya athari kwa urithi, ambayo UNESCO imekuwa ikiidai kwa miradi mikubwa, ifanywe pande zote mbili za Darajani kwa vipimo vinavyofanana. Taasisi za serikali, mifuko ya hifadhi ya jamii na mashirika ya umma yapeleke ramani zao kwenye meza ile ile anayoijua mwenye nyumba ya vyumba vitatu, na uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake ili anayefuata aupate. Hakuna kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Kinachohitajika ni serikali kukubali kuwa jirani miongoni mwa majirani, jambo ambalo Barghash hakulikubali, Waingereza hawakulikubali na Mapinduzi hayakulikubali. Siku ombi la wizara litakapokataliwa kwa sababu linamnyima jirani hewa, na wizara ikarudi na mchoro mwingine, ndipo tutakapoweza kusema kwamba Zanzibar ina ukaguzi wa usanifu. Hadi hapo ina ukaguzi wa madirisha.